Pumzika, Kisha Urudi



Barua mnazoniletea siku hizi zinaanza na mambo tofauti na kuishia pamoja. Mmoja anaanza na bei ya unga, mwingine na kaka aliyetoka asubuhi ya maandamano na hajarudi kuwa yule aliyekuwa, mwingine na video ya vita aliyotumiwa usiku wa manane akashindwa kulala tena. Mkifika mwisho wa barua, karibu wote mnasema lile lile: Dada, dunia imenishinda, nataka niachane nayo nibaki na Mungu wangu tu.

Leo nataka tukae na neno hilo. Ninaliheshimu, maana najua limetoka mbali. Na linanitia wasiwasi, maana nimeona linakoweza kumfikisha mtu.

Nianze na uchovu wenyewe, kwa sababu wengi wenu mnauona kama dhambi. Bibi zetu hawakuwa na misiba michache kuliko sisi. Walizika watoto kwa surua, walipitia njaa, walipokea habari mbaya kwa miguu ya mjumbe. Lakini msiba ukitokea, bibi alijua la kufanya. Alijifunga kanga, akabeba kibaba cha mchele au mzigo wa kuni, akaenda. Huko alichota maji, akapika, akaosha masufuria, akakaa mkekani na mfiwa. Huzuni yake ilipata kazi. Sisi tunafiwa na watu wa El Fasher kule Sudan, wa Gaza, wa Goma, wa Mai Mahiu, wote kabla ya chai ya asubuhi, na hatuna pa kupeleka kuni. Tunatazama, tunaumia, tunasogeza kidole, tunatazama msiba mwingine. Nimefikia kuamini kwamba kinachotumaliza ni huzuni isiyo na kazi ya kufanya. Ndiyo maana kujifungia hakututibu. Ukijifungia, huzuni ile ile unaingia nayo ndani, na mikono bado mitupu.

Nawaomba radhi wasomaji wangu wa Bukavu na Goma, kule Kongo. Nyinyi hamhitaji simu iwaletee vita. Viliingia mijini mwenu Januari na Februari 2025, vikapita mbele ya milango yenu. Nitarudi kwenu baada ya kitambo, kwa sababu mengi ninayoyajua juu ya jambo hili nimejifunza kwa watu wa huko.

Nabii Eliya alifika hapo mlipofika. Wale mnaosoma Biblia mnakijua kisa hicho katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Malkia Yezebeli ametuma salamu kwamba atamuua, Eliya anakimbilia nyikani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Anamwambia Mungu kwamba imetosha. Sasa tazameni kilichofuata, maana wahubiri wengi hukiruka. Hakukemewa. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hakuna neno la kazi lililosemwa mpaka mwili wake ulipopata chakula na usingizi, mara mbili.

Basi ukiwa umechoka, mdogo wangu, lala. Kula. Usijilazimishe kuokoa dunia ukiwa na njaa na macho mekundu. Kupumzika ni haki yako, na ukisoma kisa hicho vizuri utaona ni sehemu ya utumishi wenyewe.

Lakini kisa hakikuishia usingizini. Eliya alitembea siku 40 mpaka mlima Horebu, akaingia pangoni, na humo pangoni akaulizwa swali: unafanya nini hapa? Alijibu kama mnavyonijibu nyinyi, kwamba wote wameharibika, amebaki yeye peke yake. Akaambiwa arudi kwa njia aliyojia. Akapewa watu watatu wa kuwatia mafuta, mmoja wao Elisha, ambaye angekuwa mwenzake na kushika nafasi yake baadaye. Akaambiwa pia kwamba wako watu 7,000 ambao hawakupiga goti kwa Baali. Yeye alijihesabu mmoja. Hebu fikirini: watu 7,000 alikuwa hajawaona, kwa sababu alikuwa pangoni.

Nanyi wadogo zangu Waislamu hamko mbali na hapo. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alizoea kwenda katika pango la Hira kukaa peke yake, akitafakari. Pango lile lina heshima kubwa. Lakini Wahyi ulipomfikia, alishuka. Alishuka akitetemeka, Bi Khadija akamfunika nguo, akamtuliza, akamtia moyo. Na baada ya hapo maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa katikati ya watu, sokoni, vitani, kwenye mikataba, kwa mayatima, kwa wajane. Mafundisho yake mnayajua kwamba muumini anayechangamana na watu na kuvumilia maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko yule asiyechangamana nao wala kuyavumilia. Maudhi yametajwa waziwazi. Hakuna aliyeahidiwa kwamba huko nje patakuwa pazuri.

Nimesema nina wasiwasi. Wasiwasi wangu una jina la mahali: Shakahola.

Aprili 2023, katika msitu huo ulioko kaunti ya Kilifi, Kenya, ndipo makaburi yalipoanza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Wengi wa watu hao walikuwa wamefunga kula mpaka kufa, wakiamini wanakwenda kumlaki Yesu. Mnakumbuka habari hizo, na wengi mmezifuatilia mahakamani. Mimi nataka mkumbuke ngazi walizopanda kufika pale, kwa sababu ngazi ya kwanza haikuwa kufunga. Kwanza mhubiri wao aliwafundisha kwamba shule ni ya shetani, wakawatoa watoto shuleni. Kisha hospitali ikawa ukosefu wa imani. Vitambulisho vya serikali vikawa alama ya mnyama. Jirani asiyeamini kama wao akawa mtu wa kuepukwa. Kila ngazi ilipewa sura ya utakatifu, na kila ngazi ilimwondoa mtu mwingine ambaye angeweza kuuliza mbona mtoto huyu amekonda hivi. Walipofika msituni, hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Waliokwenda kule hawakuwa wajinga, na sipendi kusikia wakiitwa hivyo. Walikuwemo waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Walikuwemo watu waliochoka na dunia, kama mnavyoniandikia. Sisemi kwamba ukizima simu yako wiki moja umeshika njia ya Shakahola. Nasema ukisikia mafundisho yanayokuondolea watu mmoja mmoja, mwalimu, daktari, dada yako, jirani yako wa dini nyingine, simama hapo hapo uangalie nani anabaki. Ukikuta amebaki mhubiri peke yake, ondoka. Ondoka na watoto wako.

Sasa niwapeleke Wajir, maana huko nataka tukae zaidi.

Mnamo 1992 Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, ilikuwa inaungua. Ukame ulikuwa umeua sehemu kubwa ya mifugo. Ng'ambo ya mpaka, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka, na bunduki zilivuka kwa wingi. Uchaguzi ulipokuja, koo ziligombea viti, na ugomvi wa visima na malisho ukageuka wa risasi. Koo hizo zote zilikuwa za Waislamu, zikiswali kuelekea kibla kimoja. Nalisema hilo kwa sababu wengi hudhani dini ikiwa moja amani inakuja yenyewe.

Pale mjini alikuwapo mwanamke kijana, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964. Usiku mmoja risasi zilipigwa karibu na nyumba yake, akajificha chini ya kitanda na binti yake mdogo. Asubuhi, mama yake alimkumbusha kwamba yeye naye, miaka ya vita vya shifta, aliwahi kujificha chini ya kitanda akimkumbatia Dekha akiwa mtoto. Vizazi vitatu vya wanawake, chini ya kitanda kile kile cha hofu. Dekha aliona kwamba asipofanya jambo, binti yake naye atakuja kumficha mjukuu.

Angeweza kuhama, wengi walihama, na siwalaumu. Angeweza kubaki ndani na tasbihi yake akingoja yaishe, na hakuna ambaye angemwita mwovu. Yeye na wanawake wenzake wachache walianza kuzungumza. Mazungumzo yenyewe yalianzia harusini, mahali ambapo wanawake wa koo mbalimbali bado waliweza kukutana. Kisha wakaitana tena, wengi zaidi, kutoka kila ukoo.

Jambo la kwanza walilolishika lilikuwa dogo, na hapo ndipo nawapenda. Hawakuanza na mkataba wa amani. Walianza na soko. Vita vilikuwa vimefika hata kwenye vibanda. Mwanamke wa ukoo huu hakuuza wala kununua kwa mwanamke wa ukoo ule, wengine walizuiwa kufika kabisa. Wale kina mama wakaamua kwamba soko la Wajir litakuwa la wote. Wakaweka wanawake wa kulichunga, wanaotazama nani anazuiwa, nani ananyimwa maziwa, nani anatukanwa, na yakitokea wanayaleta kwenye kamati yao siku hiyo hiyo. Wakapatanisha mmoja mmoja. Soko likafunguka.

Mwanamke anayenunua maziwa kwa adui wa mume wake amekwisha kuanza mazungumzo ambayo wanaume hawajayaanza. Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee. Wakawashawishi wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na maslahi makubwa katika ugomvi, wawaite wa koo kubwa. Mikutano ya mwanzo ilikuwa na maneno makali. Hata hivyo Septemba 1993 wazee walitia saini makubaliano yanayojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Vijana wakaundiwa kundi lao, wenye biashara wakaombwa michango, masheikh wakaingia, na mwaka 1995 juhudi zote hizo zikaunganishwa na ofisi ya wilaya kuwa kamati moja ya amani na maendeleo, ikiwa na serikali ndani yake. Kukitokea mauaji au wizi wa ngamia, watu wa kamati hiyo, mzee, mwanamke, kiongozi wa dini na afisa wa usalama, walipanda gari moja wakaenda mahali penyewe kabla ya kisasi. Mpango huo ukaja kuigwa sehemu nyingine za Kenya.

Dekha alikuwa Mwislamu wa kweli, na aliichota kazi yake katika Kurani. Imani yake haikuwa kofia ya Ijumaa. Ilimfundisha kujichunguza kwanza, kuuliza moyo wake unataka nini kabla ya kwenda kusikiliza mioyo ya wengine, na ilimpa nguvu ya kukaa na watu wenye damu mikononi bila kuwachukia. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, alikuwa mmoja wa watu wachache, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, walioitisha mikutano ya wananchi Nairobi siku baada ya siku kutafuta njia ya kuzima moto ule. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari iliyomchukua na mume wake. Nilipokuwa nikiisoma habari yake, nilichojiuliza ni hiki: Kenya ingekuwa wapi kama mwanamke huyu angebaki chini ya kitanda?

Nchi hiyo ya kaskazini mashariki ina jambo jingine ambalo sipendi lisahaulike. Desemba 2015, karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, watu wenye silaha walisimamisha basi na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo, ili Wakristo wauawe. Abiria Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Kile walichoombwa ni kile kile ambacho uchovu wetu unatuomba kila siku kwa sauti ya upole: jitenge, utasalimika.

Sasa Bukavu, kama nilivyoahidi.

Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa na miaka kama minane, alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakaaga. Mtoto akamuuliza baba yake kwa nini hakumpa mgonjwa dawa, wakati yeye mwenyewe akiugua nyumbani anaombewa na anapewa dawa pia. Baba akajibu kwamba yeye si daktari, kazi yake ni kuomba. Denis akaamua hapo kwamba baba ataomba na yeye atatoa dawa. Napenda kwamba hakudharau maombi ya baba yake. Aliyatafutia mikono.

Mikono hiyo imeona mambo ambayo sitayaeleza hapa. Mwaka 1996 hospitali yake ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Akaanza upya Bukavu, na mwaka 1999 hospitali ya Panzi, aliyoikusudia kwa ajili ya uzazi salama, ikampokea mgonjwa wa kwanza: mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya. Wengine maelfu walifuata. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, mtu aliyemfanyia kazi miaka mingi akauawa, yeye akaponea chupuchupu. Akaondoka na familia yake kwenda Ulaya. Mnaona? Hata yeye aliondoka. Sina neno la kumlaumu.

Waliomrudisha ni wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Walikuwa maskini. Waliandika barua kwa viongozi, hazikujibiwa walivyotaka. Basi wakaanza kuuza mananasi na mazao mengine, wakikusanya fedha ya tiketi ya ndege ya daktari wao. Alipopata habari hiyo, hakuweza kubaki. Januari 2013 alirudi, watu wakajipanga barabarani kumpokea, na wanawake wakajitolea kumlinda kwa zamu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki, na dunia ikampigia makofi. Mimi kila nikisikia tuzo ile nayakumbuka yale mananasi. Mwanamke wa Idjwi hakuwa na uwezo wa kuzuia vita. Alikuwa na shamba dogo na imani kwamba Mungu hajawaacha, akachukua alichonacho akakipeleka sokoni.

Najua mtaniuliza: Dada, sisi si Dekha wala si Mukwege. Tufanye nini?

Tafuta tatizo unaloweza kulifikia kwa nauli moja. Usianze na Sudan. Sudan iombee, na ukiwa na cha kutoa toa kwa wanaofika huko. Lakini mikono yako ipeleke mahali ambapo daladala au matatu moja inafika: wodi ya wazazi isiyo na watu wa kuwaletea uji walioko peke yao, binti wa jirani aliyeacha shule kwa ujauzito na sasa anaweza kurudi kwa sababu Tanzania iliondoa kizuizi hicho mwaka 2021 lakini hakuna aliyemwambia, familia ya wakimbizi iliyohamia mtaani na watoto hawajui lugha ya shuleni. Moja. Ukishika matano utarudi pangoni baada ya mwezi.

Usiende peke yako. Mna jumuiya ndogo ndogo, mna vikundi vya kina mama, mna halaka, mna kwaya, mna vikoba. Kikundi cha watu saba wanaoaminiana ni jeshi. Na mkikutana, jina la mtu mnayemsaidia litajwe kwenye sala, kwa jina lake halisi, na kisha mtu mmoja aulizwe: nani anakwenda kwake Jumanne? Sala iliyokwisha bila mtu kupangiwa kwenda mahali, mimi huiona haijamalizika.

Simu nayo. Habari zipe saa yake, mchana, ukiwa umeketi na umekula. Mimi sizisomi kitandani tena. Na usirushe picha ya maiti kwenye kundi la familia bila kujua ni wapi na lini. Marehemu yule ana mama, na shangazi yako ana shinikizo la damu.

Wengi mnasema siasa ni uchafu, muumini asiisogelee. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa Kenya, Wangari Maathai akiwa nao, walifunga kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao waachiwe. Polisi waliwapiga. Walikokimbilia ni Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, ng'ambo ya barabara tu, wakapokelewa, wakakaa humo karibu mwaka mzima mpaka wana wao wengi wakatoka gerezani. Kanisa liliwapa mahali pa kulala na ukuta wa kuwakinga. Hiyo ni siasa? Mimi naiona ni ukarimu uliokataa kuogopa. Kilicho kichafu ni kuikodisha mimbari. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza michango ya Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto irudishwe, na watu wengi walishangaa kwa sababu walikuwa wamezoea kuona bahasha zikiingia madhabahuni zisitoke. Muumini anaweza kukaa kwenye mambo ya nchi bila kununuliwa. Anayesema haiwezekani mara nyingi anataka tumwachie uwanja.

Niseme na wale ambao barua zao nilizisoma nikiwa nimesimama. Ukiwa unapigwa nyumbani, kuondoka kwako si kujitenga na dunia. Ondoka, mwambie mtu unayemwamini, nenda kwenye dawati la jinsia la polisi. Usikubali mtu akwambie uvumilie kwa jina la Mungu. Na wewe ambaye uchovu wako umekuwa giza, huli, hulali, unafikiria kufa kama Eliya chini ya mti: nenda hospitali, leo, na mtu. Malaika alimletea Eliya mkate kwanza. Dawa na mshauri ni mkate huo. Sala tutakuombea ukiwa kwenye foleni.

Nimalizie na barua moja, maana inahitaji jibu kabla ya mwezi kwisha. Msomaji, mama wa watoto wawili, anasema ameombwa aingie kamati ya shule ya msingi ya mtaani kwake. Amekataa. Kamati iliyopita ilikula fedha za madawati, watoto wanakaa sakafuni, na yeye hataki kuchafuka. Anaona afadhali abaki na kikundi chake cha maombi cha Alhamisi. Anauliza kama amefanya vyema.

Mdogo wangu, rudi ukubali. Watoto wako nao wanakaa kwenye sakafu hiyo. Siku ya mkutano wa kwanza omba kitabu cha mapato kisomwe kwa sauti, na stakabadhi za fundi zionyeshwe; usimtuhumu mtu, omba tu zisomwe. Sema ni utaratibu, maana ndio. Andika kila kinachosomwa, na mwisho wa mkutano omba mwenyekiti aweke saini yake. Nenda na mzazi mwingine mmoja, ikiwezekana yule Mwislamu unayesema mnapishana getini bila kusalimiana, kwa sababu mkiomba kitabu hicho wawili wa dini mbili, itakuwa vigumu kusema kanisa lenu linatafuta ugomvi. Kikundi chako cha Alhamisi usikiache. Kipe majina ya wajumbe wote wa kamati, pamoja na yule unayemshuku, kiyataje kwenye maombi. Halafu ukiulize kama yupo mwenye mume seremala, maana hata fedha zikipatikana, madawati ya zamani yaliyovunjika bado yatahitaji misumari.